Alama Hamsini na Mbili: Jambo Liwapasalo Wazazi na Wanafunzi wa Shianda Kulifahamu

Shianda ni soko lililo katika barabara itokayo Kakamega kwenda Mumias, katika nchi ya Wawanga. Pande zote za soko hilo yako mashamba ya miwa na mahindi, na kwa miaka mingi muwa ndio uliolipa karo za watoto wa sehemu hiyo. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973, mkulima aliyetaka kumsomesha mwanawe alipanda muwa, akangoja miezi 18 au hata 24, akavuna, akalipwa, akapeleka fedha shuleni. Kiwanda kilipodhoofika malipo yalichelewa, na mwezi wa Septemba 2019 kiliwekwa mikononi mwa msimamizi wa madeni kwa ajili ya deni la benki. Wakulima wengi walipata hasara kubwa, lakini hamu ya kusomesha watoto haikupungua.

Kwa hiyo kijana wa Shianda anapoingia Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, au Chuo cha Kilimo cha Bukura, au chuo kingine kilicho mbali zaidi, haendi peke yake. Huenda pamoja na ng'ombe aliyeuzwa, na mchango wa majirani, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa mwaka 1995, ambao itampasa kuulipa atakapoanza kazi. Huenda pia na matumaini ya wadogo zake, ambao huambiwa kila jioni kwamba ndugu yao akimaliza masomo atawavuta na wao.

Ndipo matokeo ya mwaka wa kwanza hutoka. Kijana ambaye tangu darasa la kwanza hakupata kuwa chini ya watatu wa mbele, aona amepewa 52 katika somo moja, 47 katika la pili, na 38 katika la tatu. Baba akipiga simu kuuliza habari za masomo, kijana hujibu, "Ni mazuri, baba," kisha husema kwamba simu inaishiwa na moto. Tangu siku hiyo huacha kulala vizuri. Wengine huacha kwenda darasani, na wengine hurudi nyumbani wakisema kwamba ni karo iliyowashinda, kumbe ni aibu.

Hapana budi jambo hili lielezwe waziwazi, maana sehemu kubwa ya mateso hayo hutokana na kutofahamu vipimo. Mzazi huzisoma alama za chuo kwa macho ya shule ya msingi, na mwanafunzi naye huzisoma vivyo hivyo.

VIPIMO HAVIFANANI

Katika miaka ya mwisho ya ule mtihani wa darasa la nane, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023, jumla ya alama ilikuwa 500. Mtoto aliyepata 400 alisifiwa na kijiji kizima, na 400 katika 500 ni sawa na 80 katika 100. Basi wazazi wakazoea kwamba 80 ni alama ya mtoto mwerevu, 60 ni ya mtoto wa kawaida, na 50 ni ya mtoto aliyekuwa akicheza.

Kipimo cha chuo kikuu ni kingine kabisa. Katika vyuo vikuu vya Kenya, kwa kozi nyingi, alama 70 na kuendelea ndiyo A. Kutoka 60 hadi 69 ni B, kutoka 50 hadi 59 ni C, na kutoka 40 hadi 49 ni D, ambayo ni kupita. Chini ya 40 ni kuanguka. Mwanafunzi ambaye wastani wake hufika 70 hutunukiwa shahada ya daraja la kwanza. Aliye katika 60 hupata daraja la pili sehemu ya juu, aliye katika 50 hupata daraja la pili sehemu ya chini, na aliye katika 40 hupata shahada ya kupita tu. Ziko kozi zilizo kali zaidi: katika udaktari, alama ya kupita ni 50.

Kipimo hiki asili yake ni Uingereza, na Afrika Mashariki ilikipokea kwa njia ya Makerere. Mwaka 1949 Makerere ilifanywa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na vijana waliofaulu huko, wakiwamo wa kutoka Kenya, walipewa shahada za London. Mpango huo ulipokwisha mwaka 1963 na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuundwa, madaraja yale yalibaki. Yakabaki pia chuo hicho kilipogawanywa mwaka 1970 kuwa vyuo vitatu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam, na vyuo vilivyozaliwa baadaye viliyarithi.

Katika kipimo hicho alama za juu hufungiwa kwa makusudi. Swali la chuo kikuu halimtaki mwanafunzi ataje mji mkuu wa nchi au ajumlishe hesabu yenye jibu moja tu. Humtaka aeleze sababu, alinganishe mawazo, na kuonyesha kwamba amesoma zaidi ya yale aliyofundishwa. Anayerudisha maneno ya mhadhiri kama alivyoyapokea hupewa 50 na kitu, kwa kuwa ameonyesha kwamba alisikia. Zile 70 huwekewa yule aliyefanya kazi ya ziada. Kwa hiyo 52 si alama ya mtoto aliyecheza. Ni alama ya mtu aliyepita salama, ambaye akiongeza bidii kidogo katika njia ifaayo aweza kuifikia 60.

Katika vyuo vya ufundi pana kipimo cha tatu. Kwa mpango uliotumiwa miaka mingi na Baraza la Mitihani la Kenya katika mitihani ya diploma, kila karatasi hupewa tarakimu kutoka 1 hadi 8. Tarakimu 1 na 2 ni sifa ya juu kabisa, 3 na 4 ni sifa njema, 5 na 6 ni kupita, 7 ni kurudia karatasi, na 8 ni kuanguka. Mzazi aliyezoea pointi za sekondari, ambako 12 ndiyo A na 1 ndiyo E, aweza kumgombeza mwanawe kwa kupata 2 na kumchinjia kuku kwa kupata 7. Ni vema aulize kwanza kipimo ndipo ahukumu.

YALIYOTOKEA MWAKA 2016

Iwapo yuko anayedhani kwamba alama ni kitu kisichobadilika, na ayakumbuke matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2016. Miaka iliyotangulia wizi wa mitihani ulikuwa umeenea sana. Mwezi wa Machi 2016 Serikali iliivunja bodi iliyosimamia Baraza la Mitihani na kuweka nyingine, na ulinzi wa karatasi ukakazwa. Matokeo yalipotangazwa mwishoni mwa mwaka, waliopata A nchini kote walikuwa 141 tu, hali mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Waliopata C+ na kuendelea, ambayo ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu, walipungua kutoka zaidi ya 169,000 wakawa 88,929. Mwaka uliofuata, 2017, waliopata A walikuwa 142, na wenye C+ na kuendelea walikuwa 70,073. Baada ya hapo hesabu ilianza kupanda tena, hata mwaka 2024 waliopata A walifika 1,693.

Mabishano yalikuwa makubwa. Wako waliosema kwamba huo ndio uliokuwa ukweli uliofunikwa na wizi, na wako waliosema kwamba usahihishaji ulikuwa mkali kupita kiasi. Lakini pande zote mbili haziwezi kukana jambo moja: watoto waliozaliwa mwaka mmoja baada ya wenzao hawakugeuka wajinga kwa ghafula. Kilichogeuka ni ulinzi wa mtihani na kipimo chake. Kijana wa Shianda aliyepata B mwaka 2016 na ndugu yake aliyepata B mwaka mwingine hawakupita mlango mmoja, ijapokuwa herufi ni moja. Kwa ajili hiyo alama husomwa pamoja na mwaka wake na kipimo chake, kama vile bei ya gunia la mahindi isemwavyo pamoja na msimu wake.

SABABU ZA KUSHUKA

Hata hivyo haitoshi kusema kwamba kipimo ni kikali. Mwanafunzi aliyepata 38 ameanguka, na kuanguka kuna sababu zake. Zilizo kubwa ni hizi.

Kwanza, mwanafunzi amebadilishiwa wenzake. Aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao sasa ameketi pamoja na waliokuwa wa kwanza katika shule zao, kutoka Turkana hadi Kwale. Katika kundi kama hilo lazima yuko atakayekuwa wa katikati na yuko atakayekuwa wa mwisho, na wote ni watu wenye akili.

Pili, hakuna wa kumsukuma. Katika shule ya bweni kengele ililia alfajiri, mwalimu wa zamu akapita na kiboko cha maneno, na daftari likasahihishwa. Chuoni mhadhiri hufundisha ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, hutaja vitabu, akaenda zake. Asiyekuja hatafutwi. Uhuru huo ni mtamu kwa majuma ya kwanza, na uchungu wake huonekana siku ya mtihani.

Tatu, wengi huyadharau majaribio ya katikati ya muhula. Katika kozi nyingi majaribio hayo pamoja na kazi za kuandika huhesabiwa 30 katika 100, na mtihani wa mwisho 70. Karani yeyote aweza kuipiga hesabu hii. Mwanafunzi aliyepata 10 katika zile 30 hana budi kupata 30 katika 70 za mtihani ili afikishe 40 na kupita. Mwenziwe aliyepata 22 katika majaribio ahitaji 18 tu. Wote wawili huingia chumba kimoja cha mtihani, lakini mmoja huingia na mzigo kichwani na mwingine huingia mikono mitupu.

Nne ni fedha. Karo isipokamilika, huenda mwanafunzi akanyimwa kadi ya mtihani, au akaipata asubuhi ileile ya mtihani baada ya siku tatu za kusimama katika foleni ya ofisi ya fedha badala ya kusoma. Mzazi anayengoja malipo ya muwa afanya vema kuziandika tarehe za mitihani ya chuo katika kalenda yake ya nyumbani, kama aandikavyo tarehe ya kupanda na kuvuna, ili fedha kidogo iliyopo itumwe kabla ya mitihani badala ya baada yake.

HOFU YA MITIHANI SI YA JANA

Wazee wengine husema kwamba vijana wa siku hizi ni dhaifu, na kwamba wale wa zamani walisoma bila malalamiko. Habari zilizoandikwa hazikubaliani nao. Mwaka 1960 daktari wa maradhi ya akili, Raymond Prince wa Kanada, aliandika habari za wanafunzi aliowatibu katika Nijeria. Walilalamika kwamba kichwa kinawaka au kinauma, macho yanaingia kiwi, na maneno wanayoyasoma hayaingii akilini, ijapokuwa wameyarudia mara nyingi. Wenyewe waliuita ugonjwa huo uchovu wa ubongo. Ulikuja hasa walipokuwa katika masomo mazito, na miongoni mwa mambo aliyoyazingatia daktari huyo ni mzigo wa kijana mmoja aliyebeba matumaini ya jamaa nzima. Mwaka 1969 madaktari German na Arya wa Makerere nao walitangaza uchunguzi wao juu ya maradhi ya akili miongoni mwa wanafunzi wa Uganda. Kwa hiyo wale wazee waliosoma kwa taa ya mafuta walikuwa na hofu zao, ila hazikusemwa mezani.

Fundisho la habari hizo ni kwamba kichwa kinachouma kabla ya mtihani si uchawi wa jirani, wala si uvivu. Ni mwili unaosema kwamba mzigo umezidi au umebebwa vibaya. Dawa yake haipatikani katika vidonge vya kuzuia usingizi, wala katika miraa, wala katika kukesha majuma mawili mfululizo. Asiyelala hasahau tu aliyoyasoma usiku ule, bali hata yale aliyoyajua zamani humponyoka.

NAMNA YA KUSOMA IFAAYO

Mkulima ambaye muwa wake umetoa tani chache hasemi kwamba yeye si mkulima. Huuliza kama mbegu ilikuwa mbovu, kama palizi ilichelewa, kama mbolea ilitiwa wakati wake, au kama udongo umechoka. Akiisha kujua, hurekebisha jambo lile moja. Mwanafunzi naye yampasa afanye hivyo na karatasi yake. Karatasi za majaribio zikirudishwa, asitazame alama tu na kuikunja karatasi mfukoni. Na atazame kila swali: alipoteza wapi? Je, hakujua jambo lenyewe, au alilijua lakini hakujibu lililoulizwa, au alikosa muda, au Kiingereza chake hakikubeba wazo lake? Kila kosa katika hayo lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kisha na aende kwa mhadhiri saa za kuonana na wanafunzi. Asiende kuomba aongezewe alama, maana hilo humwudhi mwalimu na si haki kwa wenzake. Na aende na swali moja lililo wazi: "Ili jibu hili lipate 60, lilipungukiwa na nini?" Ni wahadhiri wachache watakaomfukuza mtu mwenye swali kama hilo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Yako pia mambo yaliyothibitishwa na wataalamu juu ya kusoma kwenyewe. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba binadamu husahau upesi sana katika saa na siku za kwanza, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana huzuia usahaulifu kuliko kurundika yote siku moja. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja liliisoma habari mara mbili. Kundi la pili liliisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kuandika yote lililoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Lakini baada ya juma moja waliosoma mara mbili walikumbuka kama asilimia 42, na wale waliojijaribu walikumbuka asilimia 56.

Maana yake kwa mwanafunzi ni nyepesi, wala haihitaji fedha. Baada ya kusoma ukurasa, na afunge kitabu na kuandika kwa maneno yake mwenyewe kile alichokisoma. Na atafute karatasi za mitihani ya miaka iliyopita katika maktaba, azijibu kwa saa, kisha apeleleze makosa yake. Na akutane na wenzake watatu au wanne mara moja kwa juma, kila mmoja amfundishe mwingine. Nusu saa kila siku tangu juma la kwanza ni bora kuliko usiku saba wa kukesha mwishoni. Bandu bandu huisha gogo.

AKIANGUKA AFANYE NINI

Kuanguka somo moja si kufukuzwa chuoni. Katika vyuo vikuu vingi mwanafunzi aliyepata chini ya 40 katika masomo machache hupewa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita "sapu". Lakini afahamu kwamba kwa kawaida alama ya juu anayoweza kuandikiwa katika marudio hayo ni ile ya kupita tu, yaani 40, hata akiandika vizuri namna gani. Aliyeanguka masomo mengi aweza kuambiwa arudie mwaka, na anayeendelea kuanguka aweza kuachishwa masomo. Kanuni hizi zimeandikwa katika kitabu cha kila chuo. Mwanafunzi na azisome katika juma la kwanza la muhula, wala asingoje kuzisikia siku ya msiba.

Lipo pia jambo linalowasumbua wanafunzi wa vyuo vingi nchini, nalo ni alama zisizoonekana. Mwanafunzi alifanya mtihani, lakini matokeo yakitoka nafasi yake ni tupu. Wengine wamecheleweshwa kuhitimu kwa sababu hiyo. Hapa kilio hakisaidii, ushahidi ndio usaidiao. Na aweke kadi zake zote za mitihani, karatasi za majaribio zilizorudishwa, na nakala za kazi alizowasilisha. Siku ya mtihani na ahakikishe kwamba ametia sahihi katika orodha ya waliohudhuria. Akiona alama haipo, na amwandikie mwenyekiti wa idara barua mara moja, aitaje tarehe ya mtihani na jina la somo, na abaki na nakala iliyopigwa mhuri. Vivyo hivyo, akiamini kwamba karatasi yake ilisahihishwa kwa makosa, na aulize utaratibu wa kuomba isahihishwe tena na muda wa kufanya hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAZI YA NYUMBANI

Lililo baya kuliko 38 ni 38 iliyofichwa. Mwanafunzi afichaye anguko la kwanza hulazimika kuficha la pili, na karo inayotumwa baadaye hulipia uongo. Wamekuwako wazazi waliokwenda chuoni na nguo mpya kuhudhuria mahafali, wakaambiwa kwamba jina la mtoto halimo katika orodha. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Lakini mara nyingi kijana huficha kwa sababu amejua tangu utoto kwamba nyumbani alama mbaya hupokewa kwa matusi, au kwa kulinganishwa na mwana wa fulani. Mzazi atakaye kuambiwa kweli hana budi kuufanya mlango wa kweli uwe wazi. Badala ya kuuliza, "Umekuwa wa ngapi?" afadhali aulize, "Ni somo lipi lililokusumbua? Umezungumza na mwalimu wake? Unataka nini kutoka kwetu ili urekebishe?" Mama, shangazi, au ndugu aliyepita chuoni aweza kuuliza maswali hayo kama baba ni mkali wa sauti. Mwanafunzi naye ajue kwamba heshima kwa wazazi waliouza ng'ombe ni kuwaambia ukweli mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Wako vijana ambao huzuni huwazidi hata wakafikiri kujiondoa duniani. Jambo hili lisionewe haya kutajwa. Kijana anayejitenga, asiyekula, asiyejibu simu, anayegawa vitu vyake au kusema kwamba yeye ni mzigo kwa jamaa, asiachwe peke yake. Na apelekwe siku hiyohiyo kwa mshauri wa wanafunzi, zahanati ya chuo, au hospitali. Zamani jamaa waliogopa kusema kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kushtakiwa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Mtu wa namna hiyo ahitaji daktari na jamaa zake, wala si polisi.

UKALI ULIO WA HAKI

Haya yote hayasemwi ili alama zidharauliwe. Masomo ya juu zaidi kwa kawaida hudai daraja la pili sehemu ya juu, na waajiri wengi hulitazama daraja kabla ya kumwita mtu. Tena nchi haitaki muuguzi asiyejua vipimo vya dawa, wala mhandisi ambaye daraja lake la mto litabomoka mvua ya kwanza, wala bwana shamba asiyejua ugonjwa wa muwa. Usahihishaji mkali, ukiwa wa haki, huwalinda watu wote, na humlinda hata mwanafunzi mwenyewe, kwa maana cheti chake hakitatiliwa shaka.

Linalotakiwa ni kila alama ipewe uzito wake, wala si zaidi. Iliyo 70 na ifurahiwe kama mavuno makubwa. Iliyo 52 na ipokewe kwa shukrani, kisha iulizwe namna ya kuifikisha 60. Iliyo 38 na isemwe waziwazi, itafutiwe sababu yake, na tarehe ya marudio iandikwe ukutani. Matokeo ya muhula yatakapotoka, mzazi na mwana na waketi pamoja, waisome karatasi mstari kwa mstari, na kipimo cha chuo kiwe mezani karibu yao. Mzazi asiyesoma sana asione haya kuuliza herufi ile ina maana gani, kwa kuwa fedha iliyoilipia ni yake.